Mjasiriamali, umemuuliza mteja kabla ya kukopa?

MWAKA 2021 nilifuga kuku wa nyama 200 katika banda nililolijenga nyuma ya nyumba yangu hapa Kiseke, wilayani Ilemela, mkoani Mwanza. Sehemu ya mtaji ilikuwa akiba yangu na sehemu nyingine niliikopa katika kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Vifaranga walikua vizuri. Walikufa 11 tu, na majirani waliokuja kuchungulia banda hawakuacha kunisifu.

Wiki ya tano ilipofika, mfugaji mwenzangu alinishauri niuze. Nikakataa. Nilikuwa nikiwaangalia kuku wangu naona bado wanaongezeka, nikajiambia kuwa nikivumilia wiki mbili zaidi watakuwa wakubwa, na kuku mkubwa ana bei kubwa. Wiki ya saba kila mmoja alikuwa amepita kilo mbili. Nikaweka watano kwenye tenga, nikapanda bodaboda hadi kwa kijana mmoja mwenye banda la chipsi lenye wateja wengi jioni.

Alimwinua kuku mmoja, akampima kwa mkono, kisha akamrudisha.

"Mzee wangu, kuku wako ni wazuri, ila kwangu ni wakubwa mno. Unauzaje?"

"Elfu kumi."

Akacheka kwa adabu. "Mimi nauza robo kuku shilingi 2,500. Kuku mmoja ana robo nne, ni elfu kumi hiyo hiyo. Sasa mafuta, mkaa na kijana anayenisaidia nitawalipa nini? Mimi nachukua wale wa elfu saba, wa kilo moja na kidogo."

Nikamwambia akate vipande vinane badala ya vinne. Akatikisa kichwa. "Mteja wangu amezoea kuliona paja zima kwenye sahani. Nikimpa nusu ya paja atasema nimempunja. Halafu kipande kinene kinaungua nje, ndani bado kina damu."

Nilizunguka mabanda mengine manne siku ile. Majibu yalikuwa yale yale. Kuku wale niliwauza mmoja mmoja kwa majirani na kwa bei ya kubembeleza, huku kila siku iliyopita wakiendelea kula. Mfugaji yeyote anajua kuwa kuku wa nyama akishapita wiki ya tano anakula sana, na kila kilo ya nyama anayoiongeza inagharimu chakula kingi kuliko ile iliyotangulia. Kwa hiyo nilikuwa nimelipa fedha nyingi ili kutengeneza kitu ambacho mnunuzi wangu hakukitaka.

Ndugu msomaji, ninaandika haya kwa sababu naona kosa langu likirudiwa kila kona ya Mwanza, tena na watu wenye nguvu na akili kuliko mimi. Tunaanza na bidhaa, tukishamaliza kuitengeneza ndipo tunatoka kumtafuta mteja. Kwa mtazamo wangu, hapo ndipo biashara nyingi changa zinapofia, na si kwenye uhaba wa mtaji kama tunavyopenda kusema.

Sikujua kuwa muuza chipsi hanunui kuku. Ananunua robo nne, kila moja ikiwa na ukubwa unaoingia kwenye sahani, unaoiva haraka na unaomwachia faida katika bei ambayo mteja wake ameshaizoea. Kama ningekaa kwenye benchi lake jioni moja tu na kumwangalia anavyokata nyama, ningelijua hilo bure. Badala yake nililijua kwa deni.

Hebu tuangalie vikundi vyetu. Kwa mujibu wa sheria, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024, na wengi tuliipokea kwa furaha. Lakini mkopo usio na riba bado ni mkopo. Utarejeshwa, iwe bidhaa imenunuliwa au imelala chini ya kitanda cha mweka hazina.

Kikundi kikikaribia kupata fedha, wanachama hupelekwa kwenye mafunzo. Wanafundishwa kutengeneza sabuni ya maji, batiki, mishumaa au siagi ya karanga. Wanafundishwa vipimo, rangi na namna ya kufungasha. Ni mafunzo mazuri na sina ugomvi nayo. Ila siku ya mwisho wanarudi nyumbani wakijua kutengeneza sabuni, na hakuna aliyewaagiza wakamuulize mtu hata mmoja anaosha nini, mara ngapi, kwa maji gani na kwa fedha kiasi gani. Matokeo yake mtaa mmoja unakuwa na vikundi vitatu vya sabuni, vyote vikiwa na chupa ile ile na vyote vikilalamika kuwa soko ni gumu.

Nilimuuliza mama lishe mmoja kwa nini hanunui sabuni ya kikundi cha jirani zake. Alinijibu hivi: "Baba, mimi naosha sahani za watu kutwa nzima, zina mafuta ya sato, na maji yangu ni ya baridi. Ile sabuni yao inanukia vizuri lakini mafuta haitoi. Halafu chupa ndogo inaisha kabla ya saa nane. Wangeniletea dumu la lita tano linalokata mafuta, hata lisiponukia, ningechukua kila wiki."

Hebu fikiria. Mama huyu ni mteja wa kila wiki, anakaa hatua mia moja kutoka kwenye kikundi, na anajua kwa usahihi anachokihitaji. Hajawahi kuulizwa. Wakati huo huo mpangaji wa chumba kimoja anayefua shati lake jioni huenda akaipenda ile chupa ndogo yenye harufu nzuri. Hao ni wateja wawili, na kila mmoja anataka sabuni yake. Kikundi kinachotengeneza sabuni moja kwa ajili ya "wananchi wote" huishia kumkosa huyu na yule.

Tusidhani kuwa ni sisi wadogo tu tunaokosea. Hata wataalamu wakubwa wamewahi kufundishwa na mteja. Chukua mfano wa viazi lishe, vile vyenye nyama ya rangi ya chungwa ambavyo vina vitamini A kwa wingi. Nia ilikuwa njema kabisa, kwa sababu ukosefu wa vitamini A hudhoofisha macho na miili ya watoto. Lakini aina nyingi za mwanzo zilikuwa na majimaji, na watu wazima wa ukanda wetu hatupendi kiazi cha maji. Tunapenda kiazi kikavu chenye unga, kinachokwama kidogo kooni mpaka utafute chai. Tena huku Usukumani kiazi hakiishii kwenye sufuria. Kinakatwa na kukaushwa kikawa michembe, au kinachemshwa kwanza kisha kinakaushwa kikawa matobolwa, ili familia ivuke kiangazi. Mkulima wa hapa akitazama kiazi anafikiria pia ghala lake, na kiazi chenye maji mengi kikikauka kinabaki kidogo.

Watafiti walikuwa na njia mbili. Wangeweza kumlaumu mkulima kuwa hana elimu ya lishe, au kurudi shambani. Walirudi shambani. Nchini Uganda mtafiti Robert Mwanga na wenzake waliendelea kuchanganya mbegu mpaka mwaka 2007 zikatoka aina kama Kabode, ambayo ina rangi ya chungwa na bado ni kavu kuliko zile za mwanzo. Aina hiyo ilifika hadi kwetu Kanda ya Ziwa. Mwaka 2016 Mwanga, Maria Andrade, Jan Low na Howarth Bouis walipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia kwa kazi yao ya kuongeza lishe ndani ya mazao.

Kuna somo jingine katika viazi hivyo hivyo. Tatizo la mkulima wa Kanda ya Ziwa halikuwa aina ya kiazi peke yake. Mvua zinapoanza, yeye huwa hana marando, kwa sababu yamekauka wakati wa kiangazi au yameliwa na mifugo. Mradi wa Marando Bora, uliofanya kazi katika ukanda huu kuanzia mwaka 2009 hadi 2012, ulilenga hapo hapo: kuwawezesha wakulima wazalishaji walio karibu na wenzao kutunza na kugawa marando safi. Kijana wa Kiseke, Igombe au Kayenze mwenye bustani karibu na maji aone hiyo kama nafasi. Huenda jirani yake hahitaji kiazi kutoka kwake, bali anahitaji marando katika wiki ile mvua ya kwanza inaponyesha. Wiki tatu baadaye marando yale yale hayana tena thamani kwake.

Mfano mwingine upo mfukoni mwa kila msomaji. Huduma ya M-Pesa ilipofanyiwa majaribio nchini Kenya mwaka 2005, lengo lilikuwa kuwasaidia wakopaji wa taasisi ya mikopo midogo kurejesha mikopo yao kwa simu. Waliopewa huduma ile waliitumia kwa mambo yao. Walitumiana fedha wao kwa wao, walilipia watu wengine, na wengine waliweka fedha kwenye simu kabla ya safari ili wasitembee nazo. Wenye huduma wangeweza kusema kuwa wateja wanaitumia vibaya. Badala yake waliwatazama, wakaelewa, na ilipozinduliwa rasmi mwezi Machi 2007 walichowatangazia watu ni kutuma fedha nyumbani. Mwaka uliofuata huduma hiyo iliingia Tanzania kupitia Vodacom. Yaliyofuata sote tunayafahamu.

Najua kuna msomaji atakayeniuliza: mbona hakuna mtu aliyewahi kuomba M-Pesa? Mteja atawezaje kukwambia anataka kitu ambacho hajawahi kukiona? Hoja hiyo ina uzito. Mteja si mganga, na si kazi yake kukubunia bidhaa. Lakini kumbuka tulivyokuwa tukiishi kabla ya hapo. Mtu wa Mwanza aliyetaka kumtumia mama yake fedha alizifunga kwenye bahasha, akampa kondakta wa basi au ndugu anayesafiri, kisha akalala na wasiwasi mpaka apate habari. Hakuna aliyetamka neno "M-Pesa", ila haja ilikuwa inapanda basi kila asubuhi. Mwenye macho angeiona. Ndiyo maana nasema kumuelewa mteja si kumuuliza tu anataka nini. Ni kutazama anavyohangaika leo, kwa gharama gani, na anajisaidia vipi.

Jambo la pili ni kuchagua. Nenda soko la Mwaloni pale Kirumba uangalie dagaa wa Ziwa Victoria. Wapo wanaonunuliwa kwa ajili ya chakula cha watu, na wafanyabiashara wanatoka mpaka Kongo, Rwanda na Burundi kuwafuata. Wapo pia wanaokwenda kusagwa kuwa chakula cha mifugo, pamoja na cha kuku wetu. Dagaa ni yule yule aliyevuliwa usiku kwa taa, lakini aliyeanikwa juu ya kichanja na kukauka bila mchanga ana safari yake, na aliyeanikwa chini akanyeshewa ana safari yake. Mama anayeanika dagaa lazima aamue mapema anamwanikia nani. Akijenga vichanja, akasafisha na kuchambua, halafu akamuuzia msaga chakula cha mifugo anayelipa kwa gunia, usafi wake wote unapotea bure. Akianika mchangani halafu akatarajia bei ya mnunuzi anayepeleka mezani, atarudi nyumbani analia. Ubora ambao mnunuzi wako halipii ni gharama tu.

Wengi tunaogopa kuchagua kwa sababu tunaona kama tunafukuza wateja. Kwangu ilikuwa hivyo. Nilitaka kuku wangu wauzwe kwa wenye chipsi, kwa mama lishe, kwenye harusi na majumbani. Mshika mawili moja humponyoka, na mimi nilishika manne.

Sasa mkulima au mfanyabiashara mdogo afanyeje, asiye na fedha za kulipia utafiti wa soko? Nitasema yale niliyoyajaribu mwenyewe.

Kwanza, uliza yaliyopita, usiulize yajayo. Ukimwambia mtu, "Nikileta mayai utanunua?" atakujibu ndiyo, kwa sababu sisi ni watu wa heshima na hatupendi kumvunja moyo jirani. Ndiyo hiyo haina thamani yoyote. Muulize, "Wiki iliyopita ulinunua mayai mangapi? Kwa nani? Bei gani? Kitu gani kilikuudhi?" Hapo hakuna adabu ya kumficha ukweli.

Pili, kaa utazame. Jioni mbili kwenye banda la chipsi, au asubuhi moja sokoni, zitakufundisha mengi. Tazama mteja anatoa noti ya shilingi ngapi, anachagua kipi kwanza, anakirudisha kipi. Mwenye duka anayepima mafuta ya kula kwa kikombe hajashindwa biashara. Amejua kuwa mteja wake analipwa kwa siku, na hawezi kununua lita nzima hata kama lita ni nafuu.

Tatu, mtafute aliyeacha kununua kwako. Huyu tunamkwepa kwa aibu, wakati ndiye mwenye taarifa muhimu kuliko wote. Nenda kwake bila kujitetea. Mwambie, "Dada, zamani ulikuwa unachukua kwangu, nilikosea wapi?" Kisha nyamaza.

Nne, jaribu kidogo kabla ya kukopa kikubwa. Kama unataka kufuga 200, anza na 30 na uwauze wote. Kama ni sabuni, tengeneza dumu moja, mpe mama lishe kwa fedha taslimu na urudi wiki ijayo. Akinunua mara ya pili bila kubembelezwa, umepata bidhaa. Akisifu na asinunue, umepata rafiki tu.

Tano, andika. Daftari la shilingi elfu moja linatosha. Andika nani alinunua, kiasi gani, siku gani, na alilalamikia nini. Baada ya miezi mitatu daftari hilo litakwambia mambo ambayo hata mteja mwenyewe hayajui.

Haya hayahusu wafugaji na wauza sabuni peke yao. Siku hizi vijana wetu wanaanzisha kampuni za programu za simu za kumuunganisha mkulima na soko. Ninawapongeza, lakini nao wajiulize kama mkulima wa Sangabuye amekosa programu au amekosa gari la kubebea nyanya zake kabla hazijaoza. Kampuni ya NALA, iliyoanzishwa na Mtanzania Benjamin Fernandes, ilianza na programu ya kurahisisha malipo ya simu hapa nyumbani. Mwaka 2021 ikageukia Waafrika walioko Uingereza na kwingineko wanaotaka kutuma fedha kwa ndugu zao. Kubadili njia baada ya kumwona mteja mwenye haja kubwa zaidi si aibu. Aibu ni kuendelea na njia ile ile mpaka mtaji uishe.

Sisemi kuwa ukimwelewa mteja matatizo yote yamekwisha. Bei ya chakula cha kuku itapanda, umeme utakatika, na magonjwa yatakuja. Lakini hayo yatampata pia mshindani wako. Ila kutengeneza kitu kisichohitajiwa ni hasara unayojitafutia mwenyewe, na ndiyo pekee unayoweza kuikwepa kwa kuuliza tu.

Ningependa pia maofisa wanaopitia maombi ya mikopo ya vikundi waongeze swali moja kwenye fomu zao. Kabla ya kuuliza kikundi kina wanachama wangapi na katiba yao iko wapi, waulize: mmezungumza na wanunuzi wangapi, na walisema nini? Kikundi kisicho na jibu kirudi mtaani kwa wiki mbili. Hilo halitakuwa kuwanyima fedha. Litakuwa kuwaokoa na deni.

Mimi bado ninafuga hapa hapa Kiseke. Kundi kubwa linatoka wiki ya tano ikianza, likiwa na kilo moja na kidogo, na linakwenda moja kwa moja kwa wenye mabanda ya chipsi. Wachache ninawaacha wakue mpaka wiki ya saba, nikihesabu ili waive mwisho wa mwezi, kwa sababu niligundua kuwa nyumba nyingi za wafanyakazi huku kwetu, zikiwamo zile zilizojengwa na uliokuwa Mfuko wa PPF, mshahara ukitoka hupenda kuku mkubwa wa kukata na kuweka kwenye jokofu. Yule kijana wa chipsi sasa hupiga simu mwenyewe kuuliza wanatoka lini.

Juzi nilimuuliza kama ana malalamiko yoyote. Akafikiri kidogo, akasema, "Mzee wangu, ukiweza uwe unaniletea saa tisa. Saa kumi na moja wateja wameshafika." Nimeandika kwenye daftari.